Mgeni wa Safu ya Mbele

Inspekta Christine Khalayi aliisoma ile taarifa mara mbili, na mara ya pili ilimpandisha mori kuliko ya kwanza. Ilikuwa na mistari michache tu. Mwimbaji Osiako alikataa kupanda jukwaani bila sababu. Mpiga gitaa Oliver akaimba mahali pake, akapigwa na umeme kwenye kipaza sauti, akafa. Kwa hiyo Osiako alijua kipaza sauti kina hatari, na aliyejua ndiye aliyeitia. Basi. Mtu anafungwa maisha kwa hesabu ya namna hiyo, na aliyeiandika keshakwenda zake kunywa chai.

"Afande, hii ni kazi ya nani?" aliuliza.

"Ni kazi ya kituo," mkuu wa kituo alijibu bila kuinua macho. "Leo mchana kijana huyo atakuwa mbele ya hakimu. Umewaona walioko getini? Wanamlilia Oliver. Nataka kuwapa jina kabla hawajanivunjia madirisha."

"Hata kama jina si lenyewe?"

"Khalayi, kesi haijaitwa. Ukiniletea jina lingine, sawa. Usiponiletea, niache."

Khalayi alitoka bila kupiga saluti, jambo ambalo lingemletea matata siku nyingine.

Osiako alikuwa ameketi kwenye sakafu ya seli, mrefu hata akiketi, magoti yakimfika kidevuni. Alikuwa bado na mavazi ya onyesho la jana, kifua wazi kilichopakwa mafuta yakang'aa, kaptura iliyochanwachanwa, na gambuti nyeusi miguuni. Mdomo ulikuwa umevimba pale mashabiki walipomfikia kabla ya polisi.

"Mimi ni Khalayi. Kwetu ni Khayega, kwa hivyo usinizungushe. Kwa nini hukupanda?"

"Nilishindwa, madam."

"Ulishindwa na nini?"

Osiako aliivuta kaptura yake ifunike magoti.

"Ulijua maiki ina moto?"

"Hapana!" Aliinua kichwa. "Oliver tumekula naye sahani moja tangu shule. Ningejua, ningeing'oa na meno."

"Basi sema."

"Niliwaambia wale wengine wakacheka. Wakasema nitafute uongo mwingine."

"Tazama uso wangu. Unaona mtu wa kucheka?"

Osiako aliutazama, kisha akaitazama sakafu. Sauti ikashuka. "Pazia lilifunguka, nikatoa mguu mmoja. Nikaona mama mkwe. Ameketi mbele kabisa, kwa kile kiti cha wageni wakubwa. Na mimi niko hivi unavyoniona, na ule wimbo unaanzanga na kukatika kiuno. Nitakatikaje kiuno mbele ya mama aliyemzaa bibi yangu? Nikarudi nyuma ya pazia. Nikamwambia Oliver, imba wewe, mimi nimekwisha."

Khalayi alishusha pumzi. Alikulia kule ambako mjomba wake, mzee wa kanisa mwenye suti na tai, aliwahi kujitosa kwenye mahindi yenye umande mpaka kiunoni kwa sababu mama mkwe wake alikuwa anakuja kwenye njia hiyo hiyo. Mkwe hampi mama mkwe mkono, hali mbele yake, hasimami mbele yake akiwa nusu uchi. Hakukuwa na askari hata mmoja kituoni asiyelijua hilo. Walilijua wote, wengine walikuwa wanawakwepa mama wakwe zao kila Krismasi, na bado wakaandika "bila sababu". Hilo ndilo lililomchoma.

"Yeye huja kukutazama?"

"Mama? Ameokoka. Anajua ninauzanga spea za pikipiki. Hajawahi kunisikia nikiimba hata siku moja."

"Nani alimleta?"

"Sijui. Hata Maurine, bibi yangu, alishtuka."

"Gitaa unapiga?"

"Sijui hata kulishika, madam. Mimi ni sauti tu."

Khalayi alimvulia koti lake, akamrushia, akaenda.

Ukumbi wa Mwangaza uko upande wa Lurambi, jengo lililokuwa zamani banda la video na sasa limepakwa rangi likajiita ukumbi. Jana bendi nne za hapa hapa Kakamega zilikuwa zimeahidi usiku wa sinema, kila bendi na filamu yake. Ya kwanza ilicheza muziki wa filamu za karate ikiwa imevaa pajama nyeupe. Ya pili ilijitia Kihindi. Ya tatu ilikuwa makauboi wenye kofia za mitumba. Bendi ya nne, ya Osiako na Oliver, ndiyo watu waliyoingojea, kwa sababu ilikuwa ipige wimbo wa Kivuli cha Isiukhu, sinema iliyopigwa humu humu kwenye msitu wetu, wimbo ambao kila bodaboda mjini ameuweka kwenye simu yake. Bango la sinema hiyo lilikuwa bado ukutani. Chini yake pameandikwa: Muziki wa Isaiah Were.

Koplo Chebet alimngoja mlangoni na mtu mmoja mnene mwenye kofia ya kauboi.

"Huyu ni Mukhwana, bendi ya tatu," Chebet alisema. "Ekstensheni iliyowasha amplifaya ya Oliver ni yake. Na juzi yeye na Oliver walitukanana mbele ya watu. Afande, mimi naona tumefika."

Khalayi alipanda jukwaani. Alichomoa ile ekstensheni, akaomba bisibisi, akaifungua huku Chebet akipiga picha. Mle ndani, waya wa kijani na manjano, ule wa usalama, ulikuwa umekatwa usifike ukutani, kisha ukafungwa pamoja na waya wenye moto. Kazi safi. Mtu hakuwa na wasiwasi alipoifanya.

"Mukhwana, ulitumia hii jana?"

"Niliitumia, ndiyo! Gitaa shingoni, mdomo kwenye hiyo maiki, wimbo baada ya wimbo. Kama ilikuwa hivyo, si ningekuwa mochwari mimi? Na matusi yetu yalikuwa ya mpira, madam, unaweza kuuliza mtu yeyote."

Chebet alikunja uso. Mshukiwa wake alikuwa amemponyoka mbele ya macho.

"Kwa hiyo iliharibiwa baada ya bendi yako kushuka," Khalayi alisema. "Nani alikuwa nyuma ya pazia wakati wa mapumziko?"

"Were peke yake, mwenye ukumbi. Alitufukuza wote, akasema bendi ya mwisho atapanga jukwaa mwenyewe." Mukhwana alivua kofia yake akaifinyanga. "Kuna kitu kingine. Oliver alituambia jana mchana, leo watu watajua ule wimbo ulitungwa na nani. Alisema kuna wageni wa sinema wametoka Nairobi, atawaambia uso kwa uso."

"Na ulitungwa na nani?"

"Na Oliver, madam. Sisi sote tulikuwepo akiutunga. Ona pale ukutani wameandika jina la nani."

Khalayi alipomruhusu kwenda, alimgeukia Chebet. "Lete akili hapa. Moto ulipitia amplifaya ukafika kwenye gitaa lote, nyuzi na kila chuma chake. Ukilishika peke yake, umevaa raba na umeketi kwenye mbao, husikii kitu. Ukishika maiki peke yake, husikii kitu. Ukivishika vyote viwili?"

"Umeme unapita katikati yangu kwenda kwenye maiki."

"Osiako hapigi gitaa. Angeimba jana mpaka sauti ikauke na asipate hata mchubuko. Mtego huu haukumngojea mwimbaji, Chebet. Ulimngojea mtu anayeimba huku amepakata gitaa."

"Lakini Oliver huwa anaketi nyuma. Haimbi."

"Haimbi mpaka Osiako akimbie, na wimbo ni wake."

Chebet aliigeuza ekstensheni mkononi. Kisha akasema polepole, "Na nani angejua kwamba Osiako atakimbia?"

"Yule aliyemletea sababu."

Ndipo Isaiah Were alipoingia, viatu vinang'aa, manukato yanatangulia. Alikuwa mwenye ukumbi, mtangazaji wa onyesho, na kwa maneno yake mwenyewe baba wa wasanii wote wa Kakamega. Alimpa Khalayi mkono. Khalayi akautazama.

"Madam, pole kwa kazi. Sisi tumeumia sana. Ijumaa tunafungua tena, tutafanya shoo kubwa ya kumkumbuka Oliver. Tayari bango liko kwa mchoraji."

Marehemu alikuwa hajaoshwa. Khalayi alihisi kiganja kikimwasha, akakificha mfukoni.

"Nani alipanga jukwaa la mwisho?"

"Mimi, na sioni haya kusema. Hawa vijana ukiwaachia wataweka ngoma mbele ya spika. Kila kitu kilichokuwa hapa kiliwekwa na mkono huu."

"Hata ekstensheni?"

"Aa, hiyo hapana. Hiyo ilikuwa hapo tangu bendi ya tatu. Muulize mwenyewe."

"Na stendi ya maiki?"

"Stendi, viti, maua, kila kitu. Nisingeacha mtu aguse. Hiyo ndiyo namba yangu ya mwisho, ndiyo watu walilipia."

"Yule mama aliyeketi mbele ni nani?"

Were alicheka kidogo. "Mama yupi, madam? Ukumbi ulijaa pomoni. Mimi siwezi kumjua kila mama."

"Sawa," Khalayi alisema. Akamnong'oneza Chebet atafute kila mtu aliyerekodi kwa simu pazia lilipofunguka, kisha akaingia kwenye gari la kituo na kuelekea Khwisero, kwao Maurine.

Mama Maurine alikuwa uani kwake akipura maharagwe kwa fimbo, na alivyokuwa akiyapura, Khalayi aliyaonea huruma. Mwanamke wa makamo, mfupi, kitambaa cha kanisa kichwani. Kando yake kulikuwa na kuku mweupe aliyefungwa mguu kwenye nguzo ya jiko.

"Mulembe, mama."

"Mulembe. Kama umekuja kuniuliza juu ya ile aibu, rudi ulikotoka."

"Nimekuja kwa sababu mkwe wako anashtakiwa leo kwamba ameua mtu."

Fimbo ilisimama hewani. "Mkwe wangu? Ameua nani?"

"Hajaua. Ila wanasema alikataa kuimba kwa sababu alijua kuna mtego. Yeye anasema alikataa kwa sababu alikuona."

Mama Maurine aliketi juu ya kinu kilicholala, kama aliyesukumwa. "Yesu wanje, Yesu wangu," alisema. "Mimi nilifunika uso na leso, nikatoka mbio, nikapanda pikipiki mpaka hapa. Sikujua kuna mtu alikufa. Hapa hakuna anayeniambianga kitu."

"Nani alikupeleka pale, mama?"

"Kuna mwanaume alikuja na gari hapa. Amevaa vizuri, ananukia. Akasema kuna sinema ya Injili Kakamega, kwamba Maurine ameomba niletwe, nikae na wageni. Nikamuuliza, na baba watoto wake atakuwako? Akasema hapana, ameenda Sigalagala kununua spea. Tulipofika aliningojesha kwenye gari, akaniketisha mbele wakati wa mapumziko." Sauti ilianza kutetemeka, si kwa kulia. "Aliniuliza hata kama huwa nasalimiana na mkwe wangu. Nikamwambia, wewe si mtu wa huku? Akacheka. Akasema, mimi ni mtu wa huku kabisa, mama, hayo nayajua."

Khalayi alisikia damu ikimpanda hadi masikioni. Mtu asiyejua mila akiikanyaga, unamsamehe, unamfundisha. Huyu aliijua vizuri, akaitumia kama rungu. Alimchukua mama wa watu shambani kwake, akamvalisha heshima ya uongo, akamweka kiti cha mbele ili aibu yake imwondoe mtu mmoja njiani na mwingine auawe.

"Ukimwona utamjua?"

"Nimjue? Alinishikia mlango wa gari." Mama Maurine alisimama. "Yule kuku unamwona? Ni wa kuisafisha hiyo aibu, mimi na mkwe wangu tuweze kuishi tena. Ningemchinja kesho. Ngoja nivae viatu."

Walifika kituoni Osiako akiwa hajapelekwa kwa hakimu. Khalayi alimwacha Mama Maurine kwenye benchi la korido, akaingia ofisini kwa mkuu wa kituo, ambako Chebet alikuwa tayari na simu mkononi. Were naye alikuwapo. Aliitwa kama shahidi, na alikuwa amepewa chai.

"Khalayi, huyu bwana ana shughuli," mkuu wa kituo alisema. "Na hiyo habari ya wakwe nimeisikia. Hiyo ni mila. Hakimu hahukumu kwa mila."

"Afande, ningependa utazame sinema fupi."

Chebet alicheza video. Ilikuwa imepigwa na mtu wa safu ya pili. Were alionekana pembeni na kipaza sauti chake cha mkononi, akitangaza kwa mbwembwe, "Mabibi na mabwana, mpokeeni Osiako!" Pazia likafunguka. Jukwaa lilikuwa tupu, na katikati yake stendi ikiwa peke yake. Halafu Osiako akatokea pembeni, hatua moja, akaganda, akapotea. Khalayi aliisimamisha pale pale.

"Bwana Were, hebu tuambie. Stendi hiyo ingemfika Osiako wapi?"

Were alikunywa chai. "Sijui. Kifuani."

"Kifuani. Angeimba amepiga magoti. Na Oliver ilimfika wapi?"

Mkuu wa kituo aliisogelea simu. Oliver alikuwa mtu mfupi, mji mzima ulimtania kwa hilo.

"Mdomoni kabisa," Khalayi alisema. "Hakuna aliyeigusa baada ya hapo, tumeangalia video zote. Asubuhi umejipiga kifua kwamba kila kitu kiliwekwa na mkono wako, kwamba hukuacha mtu aguse. Basi niambie, kwa nini mdomo wako ulimwita Osiako, na mkono wako ulikuwa umeshamtengenezea Oliver?"

"Mtu yeyote angeweza kuishusha..."

"Ulisema hakuna mtu aliyegusa!"

"Madam, usinipigie kelele. Mimi ni mtu wa heshima mji huu."

"Chebet, fungua mlango."

Mama Maurine aliingia na vumbi la maharagwe kwenye sketi. Hakungoja kuulizwa. "Ndiye huyu," alisema. "Ndiye alinidanganya na neno la Mungu. Nikuulize, baba, mama yako yuko hai? Umeniona mimi nafanana na kitu cha kufungia mlango?"

Kikombe cha Were kiligonga sahani. Alimtazama mkuu wa kituo, na mkuu wa kituo akayatazama makaratasi yake. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

"Nilitaka ashtuke tu," Were alisema. "Haki ya Mungu. Ashtuke, gitaa lianguke, watu wacheke, anyamaze. Alikuwa aniharibie jina mbele ya watu wa Nairobi. Ule wimbo mimi ndiye niliyeupeleka kwa wenye sinema. Yeye angekaa nao kwao Ilesi mpaka uozee pale."

"Wimbo ulikuwa wa nani?"

Were alikisukuma kikombe mbali naye.

"Umekata waya wa usalama, ukaufunga na wenye moto, ukatia umeme kwenye gitaa la mtu, halafu unaniambia ashtuke!" Khalayi alikuwa anapiga meza, na hakujali nani anamsikia. "Ijumaa ulikuwa umkumbuke kwa kiingilio! Chebet, mtie pingu kabla sijasahau kwamba nimevaa sare."

Mkuu wa kituo alisafisha koo. "Kazi nzuri, Khalayi. Nilikuwa najua tangu mwanzo kuna kitu hakijakaa sawa."

Khalayi hakumpa hata jicho. Alichukua ufunguo kwenye msumari, akaenda seli mwenyewe.

"Toka. Uko huru."

Osiako alisimama, akafika mlangoni. Kisha akaisikia sauti ya Mama Maurine koridoni ikimfokea askari wa zamu, akarudi nyuma, akaketi tena.

"Yuko hapo?"

"Yuko hapo. Ndiye aliyekutoa."

"Siwezi kupita, madam. Nitangoja aende."

Hakukuwa na mlango mwingine. Khalayi alirudi koridoni. "Mama, kaa nje kidogo, mkwe wako apite."

"Nje siendi. Nimetoka Khwisero kumtoa mtoto huyu, naondoka nikijua ametoka."

Huyu hatoki mpaka yule aende, na yule haendi mpaka huyu atoke. Khalayi alisimama katikati, hasira zote za siku hiyo zikiwa bado kifuani, na hakuwa na wa kuzitolea. Mama Maurine ndiye aliyeukata ule mkwamo. Aliinuka kwenye benchi, akawapa mgongo wote, akaukabili ukuta, akavuta leso ikamfunika kichwa na uso.

"Mwambie apite," alisema. "Na umwambie, yule rafiki yake ni mtoto wa watu, hawezi kuzikwa kimya kama mwizi. Yeye ndiye atamwimbia. Amwimbie ule wimbo wake, hata kama ni wa kukatika kiuno, na aseme mbele ya watu ni wa nani. Mimi nitakaa nyuma ya nyumba, nitasikia kutoka huko."

Hakukuwa na haja ya kumpelekea ujumbe. Osiako alikuwa amesikia kila neno. Alipita ameinamisha kichwa, amejibana kwenye ukuta wa upande wa pili, gambuti zikiburuza sakafuni, na kabla hajafika mlangoni alikuwa analia kwa sauti. Watu waliokuwa getini tangu asubuhi walimwona akitoka, wakaacha kupiga kelele, wakampisha.